Lalamiko lisilo na namba hupotea: namna ya kushitaki ubaguzi, na mambo ambayo ofisi za serikali zinapashwa kutengeneza



Katika mazungumzo yetu kambini na katika familia zinazowapokea wakimbizi wa ndani, kuna neno tunalolisikia karibu kila siku: "Tulilalamika, leta haikusikia." Tunapouliza: mlilalamika kwa nani, siku gani, na yeye alijibu nini, mara nyingi watu wananyamaza. Mmoja alisema na shefu njiani. Mwingine alimwambia karani mlangoni. Wa tatu alimtuma mtoto wa jirani. Maneno yalisemwa kweli, lakini hayakubaki mahali popote.

Makala hii inaeleza mambo mawili. La kwanza, raia anayebaguliwa kwa sababu ya ulemavu, kabila au ukimbizi wake afanye nini kusudi lalamiko lake lisipotee. La pili, ofisi za serikali zinapashwa kubadili nini katika namna ya kupokea malalamiko hayo. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Raia akiandika vizuri na ofisi haina daftari, kazi ni bure. Ofisi ikiwa na daftari na raia haandiki, ni bure vilevile.

Habari ya mzee mmoja na binti yake

Mzee mmoja alifika pembeni ya Kalemie na familia yake, akikimbia mapigano. Mguu wake mmoja ulikatwa, anatembea kwa magongo. Binti yake wa miaka tisa ni kiziwi. Mwaka wa shule ulipoanza, alimpeleka kwenye shule ya msingi ya serikali. Mkuu wa shule akamjibu: "Huyu hasikii, atatusumbua darasani. Tena ninyi ni watu wa kambi, mtarudi kwenu leo ao kesho."

Mzee akaenda kwa shefu wa mtaa. Shefu akamtuma kwenye ofisi ya elimu. Ofisi hiyo ilikuwa juu ya ngazi ambazo hakuweza kupanda, akangoja chini mpaka saa sita. Karani mmoja alipotoka, alimwambia alete barua kwa Kifaransa. Mzee hajui Kifaransa. Akaenda kwenye ofisi ya mambo ya jamii, wakamwambia kwamba habari za shule si kazi yao, arudi shuleni. Mwezi na nusu ulipita, na katika sehemu zote nne hakuna aliyeandika jina lake.

Wakati ule maneno mengine yalianza kutembea kambini. Watu walisema kwamba mtoto alikataliwa kwa sababu ya kabila lake, na kwamba mkuu wa shule ni wa upande wa pili. Siku moja vijana walijikusanya kwenda shuleni "kuuliza". Rais wa kambi aliwahi kuwazuia, kisha akatuita.

Tulipozungumza na pande zote, tuligundua kwamba siku ile mkuu wa shule hakuuliza kabila la mtu. Alikosea kwa ajili ya ulemavu na ukimbizi, na hilo ni kosa kubwa. Lakini nani angejua? Hakuna karatasi iliyoeleza sababu ya kukataa. Na mtu akikataliwa pasipo kuelezwa sababu, anachukua sababu ile ambayo vita vilikwisha kumfundisha.

Kwa nini hili ni jambo la amani

Sisi wa Tanganyika tunajua vizuri namna dharau ndogo zinavyogeuka moto. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipowaka tena mwaka 2016, moja ya cheche zake ilikuwa ushuru uliodaiwa juu ya viwavi ambavyo Watwa huokota porini, upande wa teritware ya Kabalo. Viwavi peke yake havileti vita. Nyuma ya viwavi kulikuwa na miaka mingi ya watu kuhesabiwa kuwa wadogo: mashambani, kwa shefu, shuleni, kortini. Malalamiko yalikuwapo, ila hayakuwa na mahali pa kusikilizwa ambapo watu wote wangepaamini.

Ndiyo sababu baraza za amani zinazokutanisha jamii hazitoshi peke yake. Baraza inapatanisha watu na watu. Lakini mtu akikosewa na ofisi, ofisi yenyewe inapashwa kuwa na njia ya kujibu. Tena, kikosi cha MONUSCO kiliondoka Tanganyika mwezi wa sita 2022. Wengi walizoea kupeleka shida zao kwa wageni hao. Leo milango ya serikali yenyewe ina uzito kuliko zamani, kwa hiyo inapashwa kufunguka vizuri.

Sheria inasema nini?

Watu wengi wanafikiri kwamba kulalamika ni kuomba huruma. Sivyo. Ni haki iliyoandikwa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 12, inasema kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu, katika kazi za serikali na katika jambo lingine lolote, kwa sababu ya dini, jamaa alimozaliwa, hali yake ya maisha, mahali anapokaa, maoni yake, kabila lake, au kwa kuwa ni wa kikundi cha watu wachache. Angalieni neno hili: mahali anapokaa. Mtu akikwambia "ninyi wa kambi hamhusiki", anagusa kifungu hicho.

Ulemavu haukutajwa katika orodha ya kifungu cha 13, lakini kifungu cha 49 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee kulingana na mahitaji yao. Kinaongeza kwamba serikali ina wajibu wa kusaidia watu wenye ulemavu wawemo katika vyombo vya taifa, vya jimbo na vya mashinani. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kisha tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya pekee, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mwaka uleule, tarehe 15 Julai, ilitolewa sheria namba 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili Wambilikimo, ndio ndugu zetu Watwa.

Kifungu cha 43 kinasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Hakikusema: isipokuwa kwa mtoto kiziwi.

Na sasa kifungu ambacho tunaomba kila kiongozi wa kambi akijue kwa moyo: kifungu cha 27. Kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi lake kwa mamlaka ya serikali, yeye peke yake au pamoja na wengine, na kwamba mamlaka hiyo inapashwa kujibu katika miezi mitatu. Tena kinasema kwamba hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya kufanya hivyo.

Miezi mitatu inahesabiwa tangu lini? Hapo ndipo shida yetu ilipo. Kama hakuna tarehe ya kupokelewa, hakuna kinachoanza kuhesabiwa.

Kila mlango na kazi yake

Malalamiko mengi yanapotea kwa sababu yanafika mlango usio wake, na mwenye mlango haelekezi vizuri. Tuyapange hivi:

Jina lako likikosekana kwenye orodha ya msaada, au jetoni yako ikichukuliwa na mwingine, peleka lalamiko kwanza kwa shirika linalogawa. Mashirika ya kiutu mengi yana mtu wa kupokea malalamiko, namba ya simu au sanduku. Kama aliyekuondoa kwenye orodha ni mtumishi wa serikali, peleka nakala kwa mkubwa wake pia.

Ukinyimwa huduma ya serikali, kama vile shule, hospitali au cheti, andikia kwanza mkubwa wa huduma hiyo. Asipojibu, andikia aliye juu yake. Peleka nakala kwenye divizio ya mambo ya jamii ikiwa jambo linahusu ulemavu.

Ikiwa haki yako ya kibinadamu imevunjwa, kuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, inayojulikana kwa herufi CNDH. Iliundwa kwa sheria namba 13/011 ya tarehe 21 Machi 2013. Ina wajumbe tisa, na mmoja wao anatoka upande wa watu wenye ulemavu. Sheria inaipa kazi ya kuchunguza uvunjaji wa haki, kuwaelekeza wanaolalamika na kuwasaidia kufika kortini. Inaipa pia kazi ya kuangalia haki za watu wenye ulemavu na za waliohama kwa sababu ya vita. Lakini tufahamiane: CNDH si korti. Haiwezi kumfunga mtu wala kumtoza faini. Inaweza kuchunguza, kupatanisha katika mambo fulani, kushauri na kuelekeza.

Ikiwa ni kosa la jinai, kama kupigwa, kubakwa, kuibiwa au kuuawa kwa mtu, mlango ni polisi na parke. Mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa makaratasi ya kambi. Ubakaji hasa, mtu yeyote asiwalazimishe kupatana nyumbani. Mama aliyetendewa hivyo afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kisha mambo ya barua yafuate.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kwenye baraza la mawakili juu ya ofisi yao ya ushauri wa bure. Asiende peke yake kama anaogopa.

Namna ya kuandika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Iseme nani, wapi, lini, nini kilitokea, na unaomba nini. Usiweke matusi. Usiandike "wao wanatuchukia" kama hukusikia wakisema hivyo. Andika maneno uliyoyasikia. Kwa mfano:

"Mimi ni baba wa watoto watano, ninakaa katika kambi (jina la kambi), bloku (namba). Siku ya Jumatatu tarehe (…), saa mbili asubuhi, nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa, ambaye ni kiziwi, kuandikishwa katika mwaka wa kwanza. Mkuu wa shule alikataa na kusema kwamba hasikii na kwamba sisi ni watu wa kambi. Jirani yangu alikuwapo, alisikia. Ninaomba mtoto aandikishwe. Kama mnakataa, ninaomba mniandikie sababu. Ninaomba jibu katika miezi mitatu, kama kifungu cha 27 cha Katiba kinavyosema."

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili wakupigie muhuri na tarehe, na yule aliyeipokea aandike jina lake. Wakikataa kupiga muhuri, wewe mwenyewe andika nyuma ya nakala yako: siku, saa, jina la aliyekataa, na jina la shahidi. Asiyejua kuandika aseme na mwingine aandike, kisha asomewe barua yote kabla ya kuweka kidole.

Na lugha? Kifaransa ni lugha ya kiofisi, lakini kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, ambazo serikali inapashwa kuziendeleza pasipo ubaguzi. Mwananchi akileta barua ya Kiswahili, karani aipokee. Kazi ya kutafsiri ni ya ofisi, si ya mkimbizi.

Mambo sita ambayo ofisi zinapashwa kutengeneza

Tunawaandikia sasa ninyi watumishi wa serikali mnaosoma gazeti hili. Tunajua mishahara yenu inachelewa, na kwamba wengine mnanunua karatasi kwa mfuko wenu. Mengi ya haya hayadai pesa nyingi.

1. Daftari moja na namba. Kila lalamiko liandikwe siku ileile: namba, tarehe, jina, jambo lenyewe. Mlalamikaji aondoke na namba yake kwenye karatasi. Lalamiko lenye namba likipotea, tunajua ni nani wa kuulizwa.

2. Ofisi ndiyo ielekeze. Karani akiona kwamba lalamiko si la ofisi yake, asimwambie mtu "nenda kule". Aliandike, kisha ofisi yenyewe ilipeleke kule. Makaratasi yatembee, na mwenye magongo apumzike.

3. Anayelalamikiwa asiwe mwamuzi. Mara nyingi barua ya kumlalamikia mkubwa wa huduma inarudishwa kwake "aishughulikie". Hapo mlalamikaji anaanza kuogopa. Mtu mwingine, wa ngazi ya juu, achunguze.

4. Jibu liandikwe, na sababu yake ielezwe. Hata "hapana" yenye sababu ni bora kuliko kunyamaza, maana raia anaweza kuipinga kwa sheria. Kunyamaza kunapingwa kwa mawe.

5. Kupokea watu mahali wanapoweza kufika. Kama ofisi ina ngazi, weka meza chini ya mti siku moja kila juma. Kwa viziwi, mwiteni mtu anayejua lugha ya ishara, au yule wa jamaa anayeelewana naye, kama mlalamikaji mwenyewe anamkubali. Kwa vipofu, barua na majibu visomwe kwa sauti, lakini si mbele ya watu wote. Mara moja kwa mwezi ofisi ifike kambini.

6. Hesabu itangazwe. Kila miezi mitatu baraza iambiwe: malalamiko mangapi yalipokelewa, mangapi yalijibiwa, mangapi bado. Majina yasitajwe. Watu wakiona kwamba wa kabila hili na wa kabila lile wote wanajibiwa kwa kipimo kimoja, uvumi unakosa chakula.

Viongozi wa kambi, na ninyi mna kazi

Tuseme ukweli. Malalamiko mengine yanakufa mikononi mwetu wenyewe. Kuna kamati za kambi ambamo hakuna hata mtu mmoja mwenye ulemavu. Kuna viongozi wanaoomba kitu kidogo kabla ya kuweka sahihi. Kuna wanaozuia lalamiko kwa kusema "mutatuharibia jina kwa mashirika". Huo pia ni ubaguzi.

Tunaomba kila kamati iwe na daftari yake, iwe na mwanamke na mtu mwenye ulemavu kati ya wale wanaoishika, na imsindikize mlalamikaji mpaka ofisini. Wazazi wanaoficha mtoto mlemavu ndani ya hema kwa sababu ya haya wasitukanwe, watembelewe. Mtoto asiyeonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana wa kumlalamikia.

Tahadhari

Ushauri huu unafaa pale ambapo ofisi za serikali zinafanya kazi. M23 iliteka Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili 2025. Nduguzetu walio mahali ambapo utawala wa serikali uliondoka kwa sababu ya vita wasitembee na barua za mashitaka mifukoni, hasa kwenye vizuizi vya barabarani. Wahifadhi tarehe na majina ya mashahidi kwa njia iliyo salama, na waulize kwanza mtetezi wa haki wanayemwamini. Maisha ni mbele ya karatasi. Haki haiozi kwa kungojea siku nzuri.

Na yule mzee?

Tulimsaidia kuandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Ofisi ya kwanza ilikataa muhuri, tukaandika jina la aliyekataa na shahidi. Tulirudi na rais wa kambi siku ya pili, muhuri ukapigwa. Jibu lilikuja baada ya majuma saba: mtoto aandikishwe. Mkuu wa shule aliitwa, akakubali kosa lake mbele ya mzee, na vijana wale waliotaka kwenda "kuuliza" walisomewa barua ile kambini.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Binti anakaa mstari wa mbele, lakini mwalimu wake hajui lugha ya ishara, na anajifunza kwa kutazama daftari la mwenzake. Kwa hiyo mzee ameandika barua ya pili, kuomba mwalimu afundishwe. Safari hii hakutungoja sisi. Alimwita mtoto wa jirani amwandikie, akapeleka nakala mbili, akarudi na namba.

Nakala yake ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya uchaguzi, ameifunga juu ya mti wa hema pale mvua isipofika. Anahesabu siku.